Mguu Niliomficha Mama Mkwe

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kupanda nguzo. Kazi yangu ilikuwa kukagua nyaya za umeme zinazotoka bwawa la Nzilo kuja Kolwezi, na nilijivunia miguu yangu kupita kiasi. Mke wangu, Mbuyi, alinitania kwamba nimeoa nguzo, yeye ni mke wa pili. Naandika haya kwa aibu, kwa sababu aibu hiyohiyo nusura inizike.

Ilianza kama mafua ya kiangazi. Homa ikapanda, mifupa ikauma, kifua kikajaa. Nilipoanza kushindwa kupumua, wenzangu wa kazini walinipeleka hospitali. Daktari alisema ni gripi, mafua makali yaliyoshuka mapafuni. Nililala kitandani bila kuinuka, maji yenyewe yakinishinda kunywa.

Mbuyi alikuwa amejifungua karibuni, asingeweza kuja wodini na kichanga. Mama yangu alikuwa mbali, Kasai. Basi aliyeniuguza ni mama mkwe, aliyekuwa amekuja kwa treni kutoka Mutshatsha kumsaidia binti yake. Kwetu Waluba, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemeshani ovyo. Mama mkwe aliketi kwenye mkeka karibu na mlango, amenipa mgongo. Bakuli la bukari, ugali wetu, alimpa mzee wa kitanda cha jirani anisogezee.

"Tata, mumwambie akule," alimwambia.

Mzee, mcheshi yule, akanigeukia. "Banasema ukule. Umesikia, ao nikutafsirie?"

Homa ilipoanza kushuka, mguu wa kushoto ukaanza. Kwanza maumivu nyuma ya goti, kisha uvimbe ukapanda hadi paja, karibu kabisa na sehemu za siri. Ngozi ilikuwa ya moto, inang'aa, imegeuka rangi. Niliufunika kwa blanketi. Kila asubuhi daktari aliniuliza kuhusu maumivu mengine, "Kuko fasi ingine inaluma?" Na kila asubuhi mama mkwe yupo palepale, anasikia kila neno. Ningelitamkaje paja mbele yake? Hata kuomba atoke nje ilikuwa sawa na kumwambia tatizo liko wapi.

"Apana, docta," nilijibu. "Ni kifua tu."

Siku moja alfajiri kifua kilianza kunichoma upande mmoja kila nikivuta pumzi, na makohozi yakatoka na damu. Nikasema moyoni ni gripi ileile. Mzee alinishika mkono kunipeleka chooni. Tulipompita mama mkwe aliinamisha macho, kama desturi inavyotaka. Wote wengine walikuwa wakinitazama uso. Yeye alitazama chini, akaona kandambili moja mguuni, na mguu wa pili, uliovimba, ukiburutwa mtupu sakafuni.

Daktari alipofika, mama aliongea akiwa ameelekea ukutani. "Docta, miguu yake haifanane."

Daktari alishika blanketi. Nami nikalishika kwa mikono miwili. "Nilijikwaa tu, docta," nilidanganya, huku pumzi ikinikatika. Alisita, akanitazama.

Ndipo mama mkwe alipoinuka kwenye mkeka, akaja, akalivuta blanketi lile kutoka miguuni mpaka kiunoni. "Angalia, docta," alisema. "Haya ya kumufunua itanifwata mi, haiko ye." Kisha akajifunika kichwa kwa kitenge, akarudi mlangoni. Nililia nimeziba uso kwa viganja, mtu mzima na ndevu zangu.

"Damu imeganda mu mushipa ya muguu," daktari alisema. "Kipande kimeshafika mu mapafu. Gripi ya nguvu na kulala sana binaweza kugandisha damu. Juu ya nini ulinyamaza?"

Nilichomwa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda. Fizi zikawa zinavuja, tumbo likajaa mabaka meusi, lakini pole pole pumzi ikarudi. Nilipotoka nilinunua mbuzi, Mbuyi akampelekea mama yake, kwa kuwa kosa kama lile kwetu hufutwa kwa mbuzi. Mama mkwe alimpokea mbuzi, akarudi Mutshatsha.

Namshukuru Mungu, na daktari, na mama huyo. Wewe unayeuguzwa, ukiona mguu mmoja umevimba au pumzi inachoma, sema. Ukishindwa kwa mdomo, mnong'oneze jirani. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami kilishanishika shati.

Nguzo sizipandi tena. Mguu huvimba kidogo jioni, naufunga bendeji. Mama mkwe alikuja tena mtoto alipoanza kutembea. Nilimpisha njiani, akainamisha macho. Nilikuwa nimevaa viatu vyote viwili. Akasimama pale, akiitazama miguu yangu kupita desturi inavyoruhusu.

"Mbuyi," alimwambia binti yake aliyekuwa nyuma, "sasa inafanana."

Niliona haya mno, lakini miguu sikuirudisha nyuma.