Betri za Nyanya Hazikuwa Zimekufa

Juzi niliitwa shuleni kwa mjukuu wangu, kule Lavington, nikakalishwa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakikaribia kidevu. Mjukuu akaweka paneli ndogo ya sola dirishani, betri ikajaa, kisha akaifunika paneli kwa daftari. Taa ikaendelea kuwaka. "Babu, umeona? Jua limewekwa akiba!" Watu wakapiga makofi. Mimi nikatazama chini.

Usinihurumie. Shule niliacha darasa la sita, na bado kuna mapaa Kitisuru yanayochemsha maji kwa jua, kazi ya mikono hii. Siogopi mtu wa vyeti. Lakini hili la betri, rafiki yangu, sijawahi kumwambia mtu.

Nikiwa mtoto tuliishi nyumba za mbao nyuma ya mtaa wa Jamhuri, nyanya na mimi, ndani kukinuka mafuta ya taa na omena. Redio ya nyanya ilivishwa kitambaa kama mgeni wa heshima. Hakuifungulia muziki. Aliifungua saa kumi tu, wakati wa matangazo ya vifo, kwa sababu dada yake alikuwa mgonjwa huko kwao magharibi na simu hatukuwa nayo. Betri zikilegea, alizianika juu ya bati. "Betri haifi," alisema. "Huchoka tu, kama mimi. Iache iote jua."

Basi siku moja shuleni mwalimu wa sayansi akaleta baiskeli, akaipindua miguu juu. Tukazungusha pedali kwa zamu, dainamo ikanguruma, taa ikawaka. Tukiacha, inazima. "Nguvu tunayo," akasema, "ghala ndilo hatuna." Kesho yake kila mtu alete betri iliyokufa, tuipasue tuone ghala lilivyo ndani.

Asubuhi nikapanda juu ya ndoo, nikachukua betri zote nne za nyanya kwenye bati. Mwalimu alizijaribu kwanza kwa balbu ya tochi. Za wenzangu, kimya. Zangu zikaiwasha, hafifu, nyekundu kama kaa la jiko. Darasa zima likapiga kelele.

"Hizi bado ziko hai," mwalimu akasema. "Nyumbani wanajua?"

Ningeweza kuzirudisha mfukoni pale pale. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, mimi wa kaptula ya viraka. "Ni za kutupwa, mwalimu." Akanipa nyundo nizipasue mwenyewe. Unga mweusi ukamwagika, nikachomoa kijiti cha kaboni kilicho katikati nikakiinua juu. Nilijiona mtu siku hiyo.

Nilipofika nyumbani, nyanya alikuwa akipapasa bati. "We mtoto, betri zangu ziko wapi?"

"Labda ni upepo, nyanya."

Jirani aliyekuwa akisugua sufuria akaangua kicheko. "Upepo gani huo, unabeba betri na kuacha petikoti zangu kwenye kamba?"

Nyanya hakucheka. Alitazama vidole vyangu, vyeusi mpaka kwenye kucha, akaingia ndani kusonga ugali.

Wiki mbili baadaye, kabla nyanya hajapata pesa za betri mpya, mtu wa kwao akaja kumpa pole. Dada alikuwa ameshazikwa. Jina la nyanya lilikuwa limesomwa redioni siku tatu mfululizo: habari zimfikie popote alipo Nairobi, aje upesi.

Zile nyumba zilibomolewa, sasa ni maghorofa. Vifo siku hizi vinatangazwa kwa simu, na picha juu. Mwalimu alishafariki, nyanya vilevile. Lakini kila tulipokwenda kwao matangani, wazee walimwuliza mbele za watu ni dada gani huyo asiyemzika mwenzake. Naye alijibu, kila mara, "Redio ilikuwa imeharibika." Mimi nilikuwa nimeketi ubavuni pake, nikila viazi, na sikufungua mdomo.