Selpha Anasimama Miasenyi

Mara ya kwanza Selpha kusimama kwenye mkutano wa wauzaji wa kando ya barabara kuu pale Miasenyi, hawakumwacha amalize hata salamu.

Mwenyekiti wao, Josephat, alikuwa ameshapigilia vigingi pale kwenye kona, kando kabisa ya lami, mahali lori hutoka barabarani kupumzika. Alitaka vibanda vyote vihamie huko, karibu na madereva. Selpha, ambaye miaka mingi amepika chai na chapati hapo, alijua lori lililochoka breki halichagui pa kusimama. Mwezi uliopita lori moja lilirudi nyuma likasaga meza ya Mumbe, muuzaji mwenzake. Bahati yake, Mumbe alikuwa ameenda kuteka maji.

"Mnataka tuzikwe na sufuria zetu!" Selpha alipaza sauti. "Mnafikiria tumbo tu!"

"Keti chini!" alifoka Wakesho, jirani yake wa kibanda.

"Rudi kwenu bara!" Derrick, muuza soda, aliongeza, watu wakacheka. Mzee mmoja alimsema kwa Kidawida, lugha ya Wataita, akidhani haelewi. Selpha alielewa kila neno. Baba yake alitoka Busia kuja kukata mkonge, lakini yeye alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi huku Voi, akacheza na watoto wa Kitaita mpaka lugha ikamwingia.

Kuanzia siku hiyo, wenzake walinyamaza akipita. Madereva walioulizia chai waliambiwa huyo mama ana ugomvi, waende kwingine.

Mumewe, Nicodemus, fundi wa reli, alimsikiliza akilalamika, kisha akasema, "Mama Branice, unaongea kama mtu anayefukuza kuku. Mpaka neno lifike, kuku wamekwisha kukimbia."

"Kwa hivyo makosa ni yangu?"

"Sijasema ni yako. Nasema hawajakusikia."

Selpha alimnunia siku mbili. Lakini maneno yale yalimkaa.

Mkutano wa pili ulijaa. Josephat alisoma mpango wake, akauliza kama kuna swali huku tayari anainuka aufunge. Selpha akasimama. Miluzi ikaanza. Safari hii hakufungua mdomo. Alisimama tu, mikono imeshika leso, anamtazama Josephat. Miluzi ikaendelea, ikapungua, mpaka Derrick akabaki anapiga peke yake, naye akaona haya.

"Wakesho alisema juzi wateja wametukimbia," Selpha alianza, sauti ya chini kiasi cha waliokuwa nyuma kusogea. "Ni kweli. Hata mimi chapati zinalala. Mwenyekiti anatafuta njia tupate kula, na hilo simpingi."

Wakesho aligeuka kumtazama kana kwamba amemwibia kitu.

"Ninachoomba ni vibanda vikae nyuma ya mtaro wa maji, si mbele yake, lori likikosa breki linase humo kwanza. Pale kona tuweke bango kubwa la kuwaambia madereva chakula kiko hapa. Mumbe, simama watu wakuone. Hiyo siku ungekuwa umekaa mezani, leo tungekuwa wapi?"

Mumbe alisimama. Watu walipomwona, akaketi.

"Huyu anataka kiti cha mwenyekiti," Josephat akatupia.

"Tena si mtu wa hapa," akasema yule mzee, kwa Kidawida.

Selpha alimjibu kwa Kidawida kilekile, polepole, kwamba amezaliwa huku, na kama akigongwa na lori atazikwa huku. Mzee akatazama chini.

Maundu, mziba magurudumu, akasema, "Tupige kura tumalize." Mikono ya waliotaka nyuma ya mtaro ikazidi, si kwa mingi.

Josephat aling'oa vigingi vyake kwa hasira. Kufikia Jumapili alikuwa akiwaambia watu kanisani kwamba mawazo ya mtaro yalikuwa yake tangu mwanzo. Selpha alisikia, akamwacha.

Wakesho bado hamsalimii. Derrick anamwita Redio, eti hazimiki. Lakini walipokaa tena kujadili choo, Josephat alijaribu kumruka, na Maundu, ambaye hampendi Selpha wala hafichi, akamkatiza: "Mwenyekiti, ngoja. Mama Branice amesimama."

Josephat akavuta pumzi, akakunja karatasi zake, akangoja.