Lete Buji

Asubuhi nilitoka Kisangani bila mpango, nikapanda mtumbwi wa injini ulioshuka kwenda Isangi. Njiani injini ilizimika. Mwenye mtumbwi akafungua buji, ile plagi ya injini, akaifuta petroli kwa shati lake. Harufu hiyo ikanirudisha Mangobo, utotoni.

Papa alikuwa ameinamia gari lake la zamani la mbio, lililogoma kuwaka tangu mvua zianze. Aliniahidi kwamba likiwaka, tungekwenda sisi wawili kulikimbiza kule Simi-Simi.

“Mutoto, lete buji!”

Mama aliita mshumaa buji, kwa hiyo nikaleta mshumaa. Papa alicheka hadi akaketi chini.

“Alors, gari iko maiti? Unataka tuisalie?”

Akazisugua mwenyewe buji za injini kwa msasa, akazirudisha. Gari likanguruma, kuku wa jirani wakatawanyika.

“Ngoja hapa. Nitaijaribu kwanza, kisha nitakuya kukubeba.”

Nikangoja mlangoni, mshumaa mkononi, nikisikiliza mlio ule ukififia. Hatukumwona tena.

Isangi nilipata chumba karibu na mto. Giza lilipoingia na umeme ukakosekana, mama mwenye nyumba alibisha hodi.

“Courant haiko, papa. Nikupe buji?”

Niliipokea, nikaketi mlangoni bila kuiwasha.