Niligoma kulipa neno la Kiingereza mara mbili, ng'ombe ya mama mukwe ikalipa

Wakuu, habari za huko muliko.

Niweke hesabu mezani kwanza: jambo hili limekula ng'ombe moja ya mama mukwe, suti ya pasteri na heshima yangu yote pale mtaani Saio. Sitaongeza chumvi, hasara yenyewe inatosha.

Miye ni mchuuzi hapa Bunia. Mama mukwe aliuza ng'ombe yake akanipa pesa nimtafutie mashini ya kusaga unga. Niliipata Ariwara, mpakani, imetoka Uganda. Nilibishana bei mpaka muuzaji akaniuliza kama kweli nilizaliwa na mwanamke.

Shida ikawa kitabu cha mashini. Kiingereza kitupu.

Shemeji yangu Bahati, ambaye ndiye angeiendesha, alisoma kwa Kifaransa na anaheshimu karatasi kupita kiasi. Bila maandishi hata mwavuli hafungui.

Nikaenda kwa Prof, mwalimu mmoja wa Kiingereza anayetafsiri kwenye meza pembeni ya fotokopi. Bei yake: franka hamsini kwa neno. Nikahesabu maneno, 1,140. Nikahesabu tena, 1,140.

Lakini wakuu, ile hesabu ya pili ndiyo ilinifungua macho. Maneno mengi yanajirudia. Mtu ameandika "nut" mara saba, "belt" mara tisa. Nilipe kitu kimoja mara tisa kwa nini? Nikachukua kalamu ya bic nyekundu, nikafuta kila lililorudi.

Yakabaki 412.

"Prof, kila neno nalipa mara moja. Likirudi, unaandika ile ile ya kwanza. Unakopia tu."

"Papa Neema, Kiingereza haiko vile. Neno moja inaweza kuwa na kazi tatu. Na kwa Kifaransa kila kazi iko na jina yake."

"Hata miye niko na kazi tatu, na hakuna mwenye ananilipa mara tatu."

Akanivutia kiti. Kisha akaniomba niandike masharti yangu kwenye karatasi na nisaini. Nilidhani ni heshima.

(Pembeni kidogo: mtu wa kalamu akikubali bei yako haraka, rudi nyumbani ukalale.)

Niliokoa franka 36,400. Nililala vizuri wiki nzima.

Siku ya ufunguzi mama mukwe aliita wamama wa kanisa, kila mmoja na beseni yake ya mihogo mikavu. Pasteri akaomba, akaomba tena. Bahati akashika karatasi na kusoma kwa sauti ya redio:

"Avant de démarrer, vérifiez la ceinture."

Kabla ya kuwasha, kagua mkanda. Akashika mkanda wa suruali yake, akaukaza tundu moja. Mama mmoja mzee naye akakaza kitenge chake, kwa usalama.

"Serrez bien les quatre arachides."

Kaza vizuri karanga nne. Bahati akanigeukia.

"Shemeji, karanga iko wapi?"

Wamama wote wananitazama. Mama mukwe ananitazama. Ningesema sijui?

"Ni mambo ya bazungu hiyo. Ruka."

Akaruka. Mashini ikawaka, ikasaga beseni mbili safi kabisa, wamama wakapiga vigelegele. Kwenye beseni ya tatu ikaanza kutetemeka kama ina malaria. Mufuniko ukaruka, mkanda wa mashini ukakatika, vyuma vya kusagia vikapasuka. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Ila pasteri alitoka mule na suti yake imejaa unga, mweupe kuliko wazungu waliomletea injili.

Fundi alikuja, akafungua kile kitabu cha Kiingereza, akanionyesha mchoro. Nati nne. Zilikuwa zimelegea njiani kutoka Ariwara, na hakuna aliyezikaza.

Nikapanda kwa Prof kudai pesa yangu. Hakubisha. Akatoa karatasi yenye saini yangu.

"Nut ya kwanza iko ukurasa wa kwanza, pale wanasema mashini inasaga karanga. Nikaandika arachides. Zile sita zingine ni nati, Papa Neema, na hukuzinunua."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Ulisema nikopie."

Na belt? Ya kwanza ilikuwa onyo kwamba mwenye kusaga asivae mkanda unaoning'inia. Ceinture, mkanda wa kuvaa. Zile nane zingine, za mkanda wa mashini, zikafuata mkumbo.

Mama mukwe yeye hajapiga kelele. Alisema sentensi moja tu, mbele ya wamama wote: "Ng'ombe yangu haikukuwa na karanga ya kukaza." Amenipa mpaka Jumapili ijayo. Mashini isage, ao ng'ombe irudi kwenye zizi.

Funzo nimelipata: kuna bei ukiikata, unakata na mali yenyewe. Neno linalorudi halirudi na kazi ile ile, kama miye mwenyewe nyumbani na sokoni.

Sasa naomba ushauri. Mkononi niko na pesa ya jambo moja tu. Ninunue vyuma vipya Ariwara, nimkabidhi Bahati na karatasi yake ya karanga? Ao nimlipe Prof kwanza, mashini ibaki imekufa lakini ikiwa na Kifaransa kizuri?

Ama kama humu kuna mjuzi wa Kiingereza cha mashini, ajitokeze kabla ya Jumapili. Nitamlipa kila neno, hata likirudi mara tisa.

Isipokuwa "the". Ziko 96, nimezihesabu mara mbili, na Kifaransa chochote utakachoniletea hakitanishawishi kwamba hiyo nayo ni kazi.