Nyumba Iliyojengwa Chini ya Gati

Mdogo wangu Njeri alikuwa amejenga Naivasha, na kwetu hakuna aliyekuwa ameiona hiyo nyumba. "Nenda uone huyo mtoto analala wapi," Mama aliniambia, na kwa Mama hilo si ombi.

Jumamosi alfajiri nilitoka Kileleshwa bila kuoga, maana mifereji ilikuwa mikavu. Dagoretti matatu yetu ilipishana na ng'ombe wa kichinjio, mbavu nje, wengine wakiegemezwa wasianguke. Mwaka ule wa ukame nilikuwa nimezoea kuogopa jua.

Kutoka juu ya bonde, ziwa lilionekana kama uji uliobaki chini ya sufuria.

Saa nne Njeri alinipokea, mtoto wake mgongoni. Nyumba ya mabati, safi, na sukuma wiki ya majani mapana. Nikamsifu, wacha nisiseme uongo.

"Hii mchanga ni ya ziwa," alisema. "Maji ikirudi nyuma, kila mtu anasogeza fensi mbele. Usiposogeza, jirani anachukua."

Nikapanda nyuma ya nyumba kuanua nepi. Kamba ilifungwa kwenye nguzo mbili nene zenye pete za chuma. Nikauliza ni za nini.

"Za gati. Zamani watu walikuwa wanafunga mashua hapo."

Nikatazama mteremko. Nguzo zilikuwa juu, nyumba chini yake, maji mbali kule mbele. Tulikuwa ndani ya ziwa.

"Njeri, maji yatarudi."

"Dada, hata wewe? Ziwa imeisha. Mashamba ya maua yanavuta maji kutwa."

"Mvua ikinyesha milimani, mito yote inaingia humu. Hakuna mto wa kutoka. Yataenda wapi?"

Akacheka, lakini akamshusha mtoto mgongoni, akampakata.

"Huko juu nitalima mawe?" aliuliza polepole.

Jumapili asubuhi nilimwomba nirudi na mtoto mpaka msimu wa mvua upite. Alikataa. Njia nzima nilitafuta mawingu angani, na jua lilikuwa kali.

Nilichojifunza ni hiki: ziwa likikauka halitoi ardhi, linaazimisha. Mama nilimweleza yote. Akampigia Njeri simu, wakagombana, Njeri hakuhama.

Wiki iliyofuata, kanisani Hurlingham, mchungaji aliombea mvua. Watu walilia wakiinua mikono. Kanisa zima likasema amina, na mimi, Mungu anisamehe, nilifunga mdomo.