Stika ya Mwaka Huu

Bosi wetu wa kliniki kule Muaither, nchi ya Waarabu, alikuwa na namna yake ya kusasisha miongozo ya tiba. Alichapisha stika yenye mwaka mpya, akaibandika juu ya mwaka wa zamani, akarudi ofisini kunywa chai yake ya karak. Khalas, kazi imekwisha. Karatasi iliyofunikwa plastiki pale ukutani ilibaki ileile, hata makosa ya tahajia hayakuguswa. Sisi manesi tulimwita Bwana Stika, na yeye, kichwa maji yule, alidhani tunamsifu.

Siku wakaguzi wakija ndipo ungemwona! Tai, marashi, kidole ukutani: "Kila kitu apdeti." Wakaguzi wanasoma mwaka, wanatikisa vichwa kukubali, wanaondoka. Hakuna aliyesoma mstari wa pili. Nilikuwa nawadharau wote pamoja.

Mwaka mmoja, Ramadhani ikikaribia, ulikuja kwa imeili mwongozo mpya wa wagonjwa wa sukari wanaofunga. Nikauchapisha, nikampelekea bosi mkononi. Ulisema wanaomeza vile vidonge tulivyokuwa tukiwapa wasimeze dozi kubwa wakati wa daku. Ihamishiwe futari, ya daku ipunguzwe, sukari isije ikashuka mno mchana.

"Sista, hiyo nimeshaiapdeti," akasema bila kuusoma, akanionyesha ukuta. Stika ilikuwa mbichi, gundi inang'aa. Jamani!

Nilihangaika kwa sababu ya mlinzi wa geti letu, kaka mmoja wa Mombasa. Alikuwa na sukari, na kufunga hakosi. Kazi ile ndiyo ilikuwa ikiwasomesha wanawe. Nilipanga akija kwa daktari nimweleze mwenyewe; bahati mbaya alikwenda siku ya Ijumaa, mimi niko zangu kanisani Mesaimeer, maana kule ibada zetu Wakristo ni Ijumaa. Daktari alikuwa mgeni, hajui mambo ya Bwana Stika. Akasoma ukutani, akaona ni wa mwaka huu, akamwambia dozi yote ya asubuhi aimeze daku.

Wiki ya kwanza ya mfungo, mchana, akaanguka getini. Nilimkuta anatetemeka, jasho linamtiririka, ananiita kwa jina la mkewe. Nikamtundikia dripu ya glukosi huku nalia kwa hasira. Akazinduka, namshukuru Mungu. Lakini kampuni iliyomleta ikasema mlinzi wa kuanguka-anguka hafai, ikamkatia tiketi ya kurudi kwao.

Akaja kutuaga na begi lake. Mimi nikamwambia, "Kaka, nisamehe, nchi hii haina haya." Bosi akatoka ofisini, amevaa tai, akampa mkono.

"Pole sana, ndugu yangu. Lakini ujue, sisi tulifuata mwongozo wa mwaka huu."

Mlinzi akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hakuwa anamkejeli, wallahi, uso wake haukuwa na hila hata chembe.

"Alhamdulillahi, bosi," akasema. "Mngefuata ule wa zamani, si ningekufa?"