Mtunza Picha za Chuo

Siku Verlin alipomwona mara ya kwanza, mtunza kumbukumbu wa chuo alikuwa amepiga magoti ukumbini, akifuta picha ya wahitimu kwa upindo wa sketi yake. Verlin, fundi wa mabomba ya kupashia majengo joto, alizoea kupita bila kuonekana. Mama yule alimwona.

"Wewe ni wa hapa mjini? Huyu nani?" aliuliza, akigusa uso mmoja pichani.

Magavana, maaskofu na maprofesa walikuwa na majina yao chini ya kila picha. Wapishi na wafua nguo waliosimama pembeni waliandikwa "mtumishi" tu, na mama yule aliapa kuwatafutia majina kabla chuo hakijafungwa kabisa mwezi Mei. Alimsimamisha kila mtu, hata mleta barua. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa penseli, na jina asilolihakikisha hakuliandika. Verlin alimtambua bibi yake pichani siku ile ya kwanza, ila haya zilimfunga mdomo majira yote ya baridi, mpaka makasha yalipokuwa yakipakiwa kwenda maktaba ya jimbo.

"Yule mwenye aproni ni bibi yangu," alisema akitazama viatu vyake. "Ottilie Brandt. Alipika hapa miaka thelathini na moja."

"Miezi yote hii unanitazama nikihangaika, bwana wewe!"

Akalipasua kasha lililokwisha kufungwa, dereva akinung'unika, akaandika jina nyuma ya picha, herufi moja moja. Lori lilipoondoka naye, mama yule alitoa kichwa dirishani.

"Na huyo mwenye ndoo kando ya bibi yako, Verlin! Kamuulize mama yako leo hii, unipigie!"